Lifungue Daftari Lile

Somo yangu,

Assalaam alaykum. Sisi huku Unguja wazima, na mama yako mzima, goti tu ndilo linalomsumbua.

Uliponambia wiki jana kwamba daftari lako umelitia sandukuni, maana ukitoka zamu hospitali mwili hauna nguvu, na hayo unayoandika nani atayasoma, nilinyamaza. Sikuwa na la kukujibu. Sasa ninalo.

Nimemaliza kusoma Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah aliyoifasiri Ida Hadjivayanis. Huyo Gurnah nilikuwa namjua kwa ile Nobel ya fasihi ya 2021 tu, safari yake siijui. Kumbe ni mtoto wa Malindi, hapa hapa karibu na bandari. Alifika Uingereza 1968, miaka 20 hajatimiza, akiikimbia hali ya baada ya Mapinduzi. Asitie mguu tena nyumbani mpaka 1984, akamuwahi baba yake muda mfupi kabla hajafariki. Hapo nililia, somo. Miaka 16!

Na unajua kule aliwahi kufanya kazi gani? Mhudumu wa hospitali, kama wewe. Kuandika alianza akiwa na miaka 21 hivi, kwa upweke na kukumbuka kwao, hata hajanuia kuwa mwandishi. Riwaya ya kwanza ikatoka 1987. Piga hesabu mwenyewe. Akasomesha Chuo Kikuu cha Kent mpaka akastaafu, huku akiandika. Nobel ilimkuta na miaka 72, na sisi watu wa kwao wengi wetu hatujamsoma.

Lakini ndani ya Peponi aliyenikamata hasa ni Yusuf, mtoto wa miaka 12 anayechukuliwa na tajiri Aziz. Yeye anadhani anafuatana na ami yake, kumbe amewekwa rehani kwa deni la baba. Mambo ya namna hiyo wazee wetu walikuwa wakiyasema kwa sauti ya chini, watoto tukishatolewa barazani. Gurnah aliyachukua mpaka ng'ambo akayaandika.

Zile kurasa zako za bibi akianika karafuu kwenye jamvi, ulizonisomea kwa simu Ramadhani iliyopita, mpaka leo ninazo kichwani. Zipige picha unitumie, hata kama hujazimaliza. Peponi nimempa shangazi yako anayekuja huko mwezi ujao. Nitunzie, nimeandika pembeni kwa penseli.

Wako,
Somo