Utepe Umekatwa, Mkojo Haujapimwa

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako kwa miaka 22 bila kukuandikia neno, ila taarifa yenu ya wiki iliyopita kuhusu mashine mpya za kusafisha damu imenishinda kuinyamazia. Mmetuonyesha mkasi, utepe na viongozi kumi na mmoja, ambao niliwahesabu mwenyewe pichani. Lakini hamkumpa msomaji hata mstari mmoja wa kumwezesha kuitambua figo iliyoanza kudhoofika, kabla hajafikishwa kwenye mashine hizo kulala kwa muda wa saa nne hivi, mara tatu kwa wiki.

Mdogo wangu ni fundi cherehani. Alianza kwa kukojoa mkojo wenye povu lisilokatika hata akimwaga maji mara mbili, akadhani ni sabuni iliyobaki chooni. Baadaye akawa anaamka mara nne usiku kwenda kukojoa, asubuhi kope zimevimba, na jioni akivua soksi zinaacha mfereji juu ya kifundo cha mguu, mfereji ambao shangazi yetu aliusifu kwamba kijana sasa ananawiri. Zahanati tuliyompeleka ilimwandikia dawa za UTI mara tatu, ingawa karatasi ya kipimo, ambayo ninayo hadi leo, ilionyesha protini kwenye mkojo kwa alama mbili za kujumlisha, ishara kwamba huenda figo zinavuja, na katika safari zote hizo hapakutokea mtu wa kumfunga mkono ampime presha, hadi mwezi wa tano ilipokutwa 210 kwa 120. Kreatinini, taka ya kwenye damu inayoonyesha figo zinachuja kiasi gani, ilipopimwa kwa mara ya kwanza, figo zake zilikuwa zimekwisha kuharibika kwa kiasi kisichorudi. Kiuno hakikuwahi kumuuma kwa sababu ya figo. Nasema hivyo kwa kuwa wengi wetu tunasubiri kiuno kiume ndipo tushtuke.

Kilichomuuma ni mgongo, kwa kuinamia cherehani, na hapo ndipo linapokuja suala la maduka ya dawa. Kwa mwaka mzima aliuziwa diklofenaki kama mtu anayenunua karanga, bila kuulizwa ana presha au kisukari, magonjwa ambayo ndiyo yanayoongoza kwa kuua figo, wala kuambiwa kwamba dawa hizo za maumivu nazo huziumiza zikitumiwa mfululizo.

Napendekeza kila duka la dawa liwekewe kipimo cha presha pembeni ya droo ya fedha, na muuzaji asiifungue droo hiyo kwa mteja wa diklofenaki kabla hajamfunga mkono. Nanyi, kwenye ukurasa mnaochapisha ubashiri wa mechi, tupeni kila Alhamisi kisanduku kimoja cha kueleza povu la mkojo, uvimbe wa kope na alama ya soksi. Nafasi ikikosekana, punguzeni viongozi wawili pichani.

Mwalimu mstaafu,
Tanga