Wazee wa "soma juu", nami nilikuwa mmoja wao

Ndugu Mhariri,

Msomaji mwenzangu wa Singida aliandika kwenye ukurasa huu kwamba aliuliza katika kundi la WhatsApp la wafugaji, "Kuku wangu wamevimba macho, nifanyeje?", akaambulia vikatuni vya kucheka, kijana mmoja akarekodi sauti kwamba maswali ya namna hiyo yapelekwe chekechea, na mtaalamu wa kundi akamjibu kwa maneno mawili tu: "Soma juu", yaani rudi nyuma usome yaliyokwisha kuandikwa. Barua yake aliimaliza kwa kuuliza kama elimu ya ufugaji siku hizi imekuwa mali ya ukoo.

Mimi simo kwenye kundi lake. Ila maneno hayo mawili nimeyaandika mara nyingi hadi nikigusa herufi mbili za mwanzo simu inamalizia yenyewe. Naomba basi nafasi niwasemee wazee wa "soma juu", kisha nitoe ushahidi dhidi yetu.

Ni bwana mifugo mstaafu. Nilisomea Mpwapwa, nikazunguka kata za Mkoa wa Morogoro kwa miaka 34, na sasa nipo Kihonda na kuku wangu 80 na mke ambaye hataki kusikia habari ya kuku baada ya saa 2 usiku. Kundi letu tulilianza watu 40. Leo tumepita 700. Wananiita daktari. Nimewaambia mimi si daktari, wamekataa.

Sasa mtu wa nje ajaribu kukaa na simu yangu siku moja. Kabla sijapiga mswaki nakuta "Kuku wanaharisha." Chini yake "Msaada kuku jamani." Chini yake picha ya tetea amesimama kwenye kizingiti cha mlango, bila neno hata moja, na baada ya dakika kumi alama mbili za kuuliza. Tetea yule niliivuta picha yake nikamkagua macho, upanga wa kichwani, miguu na manyoya ya mkiani. Alikuwa mzima kuliko mimi. Kumbe mwenyewe alitaka kujua anaweza kumuuza shilingi ngapi. Mwingine anauliza jambo nililolieleza jana yake kwa sauti ya dakika nne, tena anaanza na "Samahani kama limeshaulizwa", maana yake anajua kabisa. Na mwaka juzi nilikaa majuma matatu nikaandika mwongozo wa kurasa 36, tukaupandisha kama PDF, nikadhani nimepona.

Kwa hiyo msomaji wa Singida ajue: anayeandika "soma juu" mara nyingi si mtu wa kiburi. Amechoka. Anafanya kazi isiyo na mshahara, usiku, kwa bando lake.

Utetezi wangu unaishia hapo. Mwezi Julai mwaka jana mwanamama mmoja aliyekuwa na siku mbili tu kundini aliandika: "Habari za jioni wapendwa. Vifaranga wangu wanakufa. Naomba msaada." Ilikuwa saa 5 usiku. Nikajibu kama kawaida yangu. Wakamcheka wawili watatu, mmoja wao kijana ambaye miezi sita nyuma aliuliza swali lilelile kwa maneno yaleyale (nilirudi nyuma nikamtafuta, ni kazi ya kizee hiyo). Yule mama akanyamaza.

Kwanza hakukuwa na juu ya kusoma. Aliyeingia kwenye kundi la WhatsApp kwa kawaida haoni yaliyoandikwa kabla yake. Nilikuwa namwelekeza mtu kwenye ghorofa ambayo kwenye simu yake haijajengwa. Hilo nilielezwa na kijana wetu admini, na aliponieleza nilimuuliza mara mbili kama ana uhakika.

Siku ya nne jirani yake, ambaye naye yumo kundini, akanipigia akaniomba tumfuate. Nikapanda bodaboda hadi Bigwa, pale chini ya Milima ya Uluguru, ambako usiku wa Julai baridi haina masihara. Alinipokea vizuri kuliko nilivyostahili. "Karibu baba, samahani kwa usumbufu." Alinunua vifaranga 200 wa chotara kwa fedha ya kikoba. Walibaki 61.

Banda lilikuwa chumba cha tofali, safi, maranda makavu, maji masafi, vyombo vimeoshwa. Nilichungulia kinyesi, hakikuwa na damu wala ukijani. Nikapasua wawili waliokufa alfajiri, sikuona kitu cha kunishangaza. Tayari alikuwa amewapa OTC, ambayo ni antibayotiki, na vitamini za pakiti mbili tofauti. Nikaanza kutafuta maneno ya kufunika aibu yangu. Wakati navaa viatu akasema, kama mtu anayetaja hali ya hewa, "Na mimi mwenyewe asubuhi nikitoka humo ndani kichwa kinanigonga, sijui ni harufu ya dawa."

Nikarudi ndani. Madirisha yote mawili alikuwa ameyaziba kwa maboksi na turubai, juu ya mlango ameshindilia matambara, na kwenye kona lilikuwapo jiko la mkaa, usiku kucha. Mkaa ukiungua kwenye chumba kisichopumua hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Kifaranga anakufa nayo, na binadamu pia. Chumba cha pili, nyuma ya ukuta uleule, walilala wajukuu wake.

Nikamuuliza nani alimwambia azibe namna ile. Akaenda ndani akaleta simu, akanionyesha mwongozo wangu. Jirani alimtumia kabla hata hajaingia kundini. Ukurasa wa 7: vifaranga wa juma la kwanza wanahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35, ziba matundu yote upepo usiwapige, mahali pasipo na umeme unaweza kutumia jiko la mkaa. Habari ya kuacha matundu ya hewa upande wa juu niliiweka ukurasa wa 19, kwenye ujenzi wa banda, kana kwamba mwenye vifaranga ubavuni anasoma kama wa mtihani. Yaani yule mama alikuwa amesoma juu. Ndiyo maana wakafa.

Tangu siku ile nimekuwa nikiwaza kuhusu maswali mafupi, na nimekumbuka kitu ambacho sisi wazee tulikuwa tumekisahau. Maswali hayakuwa marefu hata zamani. Mwaka 1990 mzee alikuja ofisini kwangu na kuku mfu kwenye mfuko wa rambo, hii mifuko iliyokuja kupigwa marufuku Juni 2019, akauweka mezani juu ya daftari la mahudhurio akasema, "Bwana mifugo, kuku." Neno moja. Hakuna aliyemwita mvivu. Nilimpasua kuku palepale nje, nikaona vidoa vya damu kwenye ile sehemu ndogo iliyo kabla ya firigisi, nikamuuliza kama wengine wanapinda shingo na kuharisha kijani, akasema ndiyo, tukajua ni kideri, ule ugonjwa wa kuku ambao wengine huuita Newcastle. Maelezo aliyabeba kuku. Mengine niliyavuta mimi, kwa sababu ndiyo kazi niliyofundishwa. Mfugaji hakufundishwa kujua kwamba jiko la mkaa ni habari na rangi ya ndoo si habari.

Kwenye simu mfuko wa rambo haupo. Tumebaki na lile neno moja, halafu tunamgombeza mtu kwa sababu neno ni moja.

Chukua hilo la macho kuvimba. Inaweza kuwa ndui: utaona vipele vinavyokauka kuwa magamba kwenye upanga na kope, ni virusi, hakuna dawa ya kuiua, unachoweza ni kusafisha vidonda na kuchanja ambao bado ni wazima. Inaweza kuwa mafua yale mabaya, uso mzima unavimba na puani panatoka ute wenye harufu mbaya, na hapo ndipo daktari wa mifugo anaweza kuandika antibayotiki. Inaweza kuwa upungufu wa vitamini A, ndani ya jicho kunaganda uchafu mweupe, na mchicha wa bustanini unasaidia kuliko chupa ya shilingi elfu kumi na tano. Inaweza tu kuwa maranda yamelowa, banda linanuka mkojo hadi mwenyewe ukiingia unatoa machozi, na tiba ni koleo na maranda mapya. Maneno ni yaleyale, kazi ni nne tofauti. Sasa juu huko asome ipi?

Kuna jambo jingine ambalo wazee wenzangu hawapendi nilitaje. Nilimuuliza mama wa Bigwa zile OTC na vitamini alishauriwa na nani. Akasema usiku uleule nilipomjibu, mtu alimfuata inboksi. "Pole sana mama, usijali, nina suluhisho." Muuza dawa hajawahi kumwambia mtu asome juu. Ana subira, anajibu saa 6 usiku, anatuma na maua. Kila tunapomfukuza anayeanza kwa ukali wetu, tunamsukumia mikononi kwa huyo, naye atauza antibayotiki hata kwa kideri, ambacho ni virusi na hakisikii antibayotiki ya aina yoyote. Mayai ya kuku hao yanaliwa na sisi.

Tumebadilisha mambo machache. PDF nimeirekebisha, habari ya hewa ipo ukurasa wa 7, kwa herufi nene. Lakini kilichosaidia zaidi ni sauti ya sekunde 50 aliyoirekodi mwanakikundi mmoja, mama wa Mvomero mwenye matetea 300 na sauti ya kutangazia misiba. Mimi nilirekodi kwanza, wakasema nasikika kama polisi wa barabarani. Anasema: pole, tuambie wana umri gani, walikuwa wangapi, wamekufa wangapi na tangu lini, kinyesi kikoje, wamechanjwa nini, lini na kwa maji gani, na usiku banda linakuwaje, mnawasha nini, mnafunga nini. Akiuliza mtu "kuku wanakufa", yeyote aliye karibu anamtumia hiyo sauti. Haihitaji mtaalamu wala hasira. Asiyeweza kuandika anarekodi majibu yake, kwa Kiluguru akipenda, atapatikana wa kutafsiri.

Hilo la "maji gani" wengine walicheka nilipoliongeza. Ila nusu ya wanaosema "nimechanja na bado wanakufa", ukiwauliza, walichanganya chanjo kwenye maji ya bomba yenye klorini, na klorini inaua chanjo kabla haijafika kwa kuku. Au waliwachanja wakati ugonjwa umeshaingia bandani. Chanjo ya kideri ya matone, ile ya tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu, haina usumbufu huo wa maji ya kunywa, na tone ni lilelile kwa kifaranga na kwa jogoo. Nimetoka nje ya mada, nisameheni, mkono umezoea.

Pia tunashika zamu. Watu sita, kila mmoja siku yake, Jumapili mapumziko. Wa zamu akichoka anasema nimechoka, mwingine anapokea. Mke wangu ndiye aliyelisimamia hili kuliko admini.

Sisemi kila muulizaji ni malaika. Wapo wanaotumiwa yale maswali wanajibu, "Wewe taja dawa tu." Huyo simtukani na simjibu. Yupo aliyenificha kwamba ameshawapa dawa za aina tatu, akaniacha nabahatisha siku mbili. Huyo nilimgombeza na nitamgombeza tena. Kutojua cha kusema sikuhesabu tena kuwa uvivu. Kukataa kusema ukiulizwa ni habari nyingine.

Mama wa Bigwa alikuza wale 61. Mwezi Machi aliandika kundini, "Matetea wameanza kutaga, mayai mengine hayana ganda gumu, nifanyeje?" Kabla sijafika kwenye simu alishatumiwa sauti, akajibu yote, akaambiwa habari ya chokaa ya mifugo na kiasi cha kuchanganya kwenye chakula. Mimi nikabaki sina la kuongeza, nikaweka dole gumba.

Sasa ndugu wa Singida, kama Mhariri ataridhia tuendelee hapahapa. Kuku wako wana umri gani, na waliovimba ni wangapi kati ya wangapi? Kwenye upanga na kope kuna vipele au hakuna? Puani panatoka kitu, na kina harufu? Wanapata majani mabichi? Na ukiingia bandani alfajiri kabla hujafungua mlango wote, macho yako wewe yanawasha? Kwa sasa watenge waliovimba, wape chombo chao cha maji, na usinunue chochote cha inboksi hadi utujibu.

Bwana mifugo mstaafu,
Kihonda, Morogoro