Barua kwa mwanangu: kadi umeiacha kabatini

Mabatini, Mwanza
4 Oktoba 2015

Mwanangu mpendwa,

Kadi yako ya kupigia kura nimeiona. Mama yako alikuwa anatafuta daftari lake la kikoba kabatini, ikadondoka. Ina maana ulipoondoka Agosti ulikuwa umeshaamua hurudi kupiga kura, ukatuaga huku unacheka. Hilo limeniuma kuliko yote uliyoniambia kwenye simu.

Ulisema kura moja haionekani katika mamilioni, tena Tume ya Uchaguzi ikishamtangaza rais hakuna mahakama ya kuyachunguza matokeo. La mahakama ni kweli, limo kwenye Katiba, ibara ya 41, na nimefurahi kwamba umeisoma mwenyewe. Lakini siku ya uchaguzi utapewa karatasi tatu, na ya rais ni moja tu. Matokeo ya mbunge yanaweza kupingwa mahakamani. Diwani anachaguliwa na watu wa kata hii hii, wanaohamisha magodoro pamoja nasi Mto Mirongo ukifurika. Huko ndiko watu hupishana kwa kura za kuhesabika. Njoo upige, mwanangu.

Januari 1961, kule Pemba, chama cha Afro-Shirazi, ASP, walichukua jimbo la Chake Chake kwa kura moja. Moja. Viti vya Zanzibar yote vilikuwa 22, na vyama vilipomaliza kuungana wakajikuta 11 kwa 11, hakuna wa kuunda serikali, ikabidi uchaguzi urudiwe Juni. Nimefundisha historia miaka mingi, na kila nikifika hapo namfikiria mtu wa upande wa pili aliyebaki shambani siku ile akisema wenzake wanatosha.

Na 2010 hukuwa mtoto, unaikumbuka. Waliojiandikisha nchini walipita milioni 20, waliopiga kura hawakufika milioni 9. Mshindi wa urais alipata milioni 5 na kidogo. Waliobaki nyumbani walikuwa zaidi ya mara mbili ya kura zake, na kila mmoja alikuwa na yake moja.

Ile Jumapili ya kura niliwaambia mguu unauma. Mguu haukuwa na neno. Nilikuwa nimenuna kwa sababu ya malimbikizo yangu ya mshahara, nikaona kununa ndiyo jibu. Mama yako alikwenda peke yake, akapanga foleni. Jimbo letu la Nyamagana lilipomwangusha waziri wa mambo ya ndani, watu wakajaa barabarani, mimi nilikuwa ndani nasikiliza vifijo vya jambo ambalo sikuwa na mkono wangu ndani yake. Mama yako hajaniuliza mpaka leo. Kwa hiyo ukiniambia nakusumbua, nakusumbua kweli. Umejiandikishia hapa, utapigia hapa, Dar hawatakupokea. Vijana wenzako wanaiita kadi hiyo kichinjio. Jina silipendi, ila angalau wao wanatembea nayo mfukoni.

Wa kumchagua sikuambii, wala usiniulize. Mtu akitaka kuinunua au akuombe namba zake, mkatalie hata kama ni ndugu.

Nauli nitakutumia nusu, nusu jitafutie, unafanya kazi sasa. Panda basi la Alhamisi pale Ubungo, usingoje Ijumaa, maana likiharibika njiani Jumapili ya kura itakukuta Singida.

Mvua za vuli zimeanza kuchungulia na dagaa za mama yako hazikauki. Juzi gunia zima limeoza kwenye chanja kule Mwaloni, hajalia lakini hakula. Mletee turubai kutoka Kariakoo, lile zito, si lile la bluu linalochanika. Paa la jikoni nimeliziba mwenyewe. Mdogo wako anaanza mtihani wa kidato cha nne Novemba na bado hesabu zinamshinda, utakaa naye Jumamosi yote.

Kadi nimeihamishia kwenye Biblia yangu. Basi likifika Nyegezi usiku usipande bodaboda, nipigie, nitakuja kukupokea.

Baba yako