Jina la Kihispania mmelikata vibaya

Mhariri salamu, juzi gazeti lenu liliandika kuhusu Gabriel García Márquez, yule mwandishi wa Colombia aliyechukua Nobel 1982, na toka mwanzo mpaka mwisho mkawa mnamwita "Márquez", Márquez hivi Márquez vile. Jamani, García ndio kwa baba, Márquez ni kwa mama! Mmemhamishia kwa wajomba zake bila kumuuliza.

Nimejuaje? Mimi ni dereva wa watalii hapa Fort Portal, Uganda, nawapeleka wageni msitu wa Kibale kuona sokwe, na kwa vile wakiingia msituni mi nabaki na gari masaa mengi nikaanza kujifunza Kihispania kwenye simu, kile cha kuombea maji tu. Ila somo la majina nilifundishwa na aibu. Nilitumiwa orodha ya wageni watatu, tuseme García López, Ruiz Martín na García Ruiz (sio majina yao), nikaona hapa kila mtu na lake, nikapigia loji simu wakaandaa vyumba vitatu. Kumbe ni mume, mke na mtoto wao wa miaka sita! Mama alicheka mpaka akakaa chini, baba hakucheka sana maana vyumba vilishalipiwa.

Ndio huyo mama akanieleza, Hispania mwanamke akiolewa habadilishi jina hata herufi moja, na mtoto anabeba mawili, la kwanza la baba halafu la kwanza la mama, na tangu sheria yao ya 1999 wazazi wakitaka wanaweza kulitanguliza la mama, mradi watoto wote wafuate mpango huo huo. Mtaniambia mbona Picasso anaitwa kwa jina la mama. Kweli, kwa baba alikuwa Ruiz, lakini yule alijichagulia mwenyewe, sio mhariri aliyemchagulia.

Kujitambulisha kwao nako kunanichekesha. Wanasema "Me llamo", inasomwa "me yamo", na ukiichukua neno kwa neno ni "najiita". Kwetu mtu akikwambia najiita fulani si utashika begi lako vizuri, utadhani jina kaliokota jana, sisi tunasema naitwa, kuna waliokuita kabla hujajua kuongea. Ila kutamka hatuna kisingizio, irabu ni a e i o u zetu zile zile, ñ ni "ny" ya nyama, h ndio bubu na j inakwaruza koo kidogo.

Na msidhani nawatetea wageni tu, hata sisi tunakatwa. Mimi na kaka yangu tumbo moja baba mmoja hatuna jina hata moja la kufanana, kwetu Watooro, watu wa huku Fort Portal, kila mtoto anapewa lake, sasa kaka alipoomba viza kwenye ubalozi mmoja wakamwambia alete ushahidi kwamba huyo anayemwita baba ni baba yake kweli. Fomu ina kisanduku cha jina la ukoo basi lazima ukoo uingie kwenye kisanduku.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo, andikeni yote mawili, García Márquez, wino hautaisha. Na mkimpata Mhispania ana kwa ana muulizeni "¿Cómo te llamas?", akiwa mtu mzima "¿Cómo se llama usted?", atawaambia mwenyewe. Yule mama wa vyumba vitatu kwenye pasipoti ni María Dolores lakini nyumbani wote wanamwita Lola, na ndugu yake José anaitwa Pepe (mi nilisikia pepo!). Nikamwambia hiyo ndio empaako yetu, lile jina la heshima na mapenzi tunalosalimiana nalo. Akataka na yeye apewe. Tukampa Abwoli, na kila akinitumia ujumbe sasa anaanza, "Araali, me llamo Abwoli."

Araali, dereva wa watalii,
Fort Portal