Ziwa likipanda tusiyaite mafuriko

Mhariri,

Mara nyingi nasikia redioni mjadala wa bahari inayokula fuo za Pwani, na ni haki ujadiliwe. Ila bahari duniani ilipanda kwa wastani wa sentimita 20 hivi tangu 1901 hadi 2018. Ziwa Victoria lilipanda zaidi ya mita moja kati ya Oktoba 2019 na Mei 2020. Miezi minane tu! Kipimo cha maji ya ziwa kule Jinja, Uganda, kilifika mita 13.42, kikaipita rekodi ya 1964, na Mei 2024 maji yakapanda kuliko hapo.

Huku kwetu Nyamware, kila mkubwa anayefika anayaita mafuriko, na msaada unapangwa hivyo hivyo: unga, blanketi, hema, kisha tunaambiwa tusubiri maji yaondoke. Mafuriko ya Mto Nyando tunayajua tangu utotoni. Huja usiku kwa kishindo, huacha matope, na baada ya wiki chache mtu anarudi shambani. Ziwa hunyemelea. Kwanza choo kinajaa kutoka chini, halafu maji ya kisima yanabadilika rangi, na siku moja unakuta mafunjo yameota pale ulipozoea kuanika omena. Likishafika, hukaa. Maji yaliyopanda kati ya 1961 na 1964 yalichukua miongo mingi kushuka.

Kaburi la baba yangu sasa liko ndani ya ziwa. Sisi Wajaluo tunazika bomani, kwa hiyo mtu akiniambia "hama" kana kwamba nimepanga chumba mjini, ananiumiza. Nimwache nani pale? Na nihamie wapi, ilhali hatimiliki niliyo nayo ni ya shamba ambalo siwezi hata kulikanyaga?

Naomba serikali ya kaunti na ile ya kitaifa zikae pamoja, zipime maji yamefika wapi, zitupe ardhi kwingine yenye hati, na zikubali kuzungumza na wazee kuhusu makaburi. Pia vipimo vya Jinja visomwe kwenye baraza za machifu, kwa Kidholuo na Kiswahili. Huko ndiko maji ya ziwa hili yanakotokea kwenda Nile, na hakuna mlango mwingine.

Mvua za masika huanza Machi. Hema tulilopewa 2020 limeraruka, na bado tunalala humo.

Mkazi wa Nyamware,
Kisumu