Niliahidi jina la somo, Baba mkwe amelikataa

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia usiku, mtoto amelala kifuani, maana mchana nyumba inajaa wageni na kila anayeingia anauliza, "Mmempa jina gani?"

Binti yetu ana wiki tano na bado hana jina. Nasema jina la kuandikwa kwenye daftari la ubatizo, kwa sababu wanajumuiya na mawifi zangu wanamwita Bakhita tangu siku tuliyotoka hospitali. Mimi pia namwita hivyo. Mume wangu anamwita "mama". Baba mkwe anasema "mjukuu wangu", na hata siku moja jina hilo halijamtoka kinywani. Ubatizo ni Jumatatu ya Pasaka, zimebaki wiki tatu.

Nieleze kwa nini nimeling'ang'ania. Kabla ya huyu, mimba mbili zilitoka. Ya pili ilikuwa na miezi mitano. Jumuiya yetu ndogo ndogo, yaani majirani Wakatoliki tunaosali pamoja, somo wake, mtakatifu msimamizi, ni Yosefina Bakhita, mtawa aliyewahi kuwa mtumwa, na akina mama walisali nami novena, sala ya siku tisa, nyumba kwa nyumba. Siku ya mwisho nilisema kwa sauti, mbele ya wote: ukiniombea nikapata mtoto wa kike, nitampa jina lako. Sikumwuliza mume wangu kwanza. Halafu mtoto, aliyetarajiwa tarehe 20, akazaliwa tarehe 8 Februari, sikukuu yenyewe ya Bakhita, siku aliyofariki mwaka 1947. Shangazi, ungekuwa wewe ungefikiri nini?

Katekista alitusumbua kidogo, akasema Bakhita si jina la Kikristo, tuandike Yosefina. Hilo halininyimi usingizi. Kanuni ya 855 ya Sheria za Kanisa inataka tu mtoto asipewe jina lililo geni kwa hisia za Kikristo. Mimi ni Mhaya, nimekua na akina Kizito darasani. Kizito ni jina la Kiganda tupu. Kizito mwenyewe, mmoja wa wafiadini wa Uganda, alibatizwa na mfiadini mwenzake Karoli Lwanga siku chache tu kabla ya kuchomwa moto Namugongo, tarehe 3 Juni 1886, na tangu Kanisa limtangaze mtakatifu mwaka 1964, jina alilopewa na wazazi wake linatajwa altareni. Paroko alimaliza jambo hilo kwa dakika mbili.

Lililobaki ni Baba mkwe.

Yeye ni mtu wa Bagamoyo, mzee wa kanisa, haikosi misa ya asubuhi. Nilidhani angekuwa wa kwanza kufurahi. Nilipomtajia jina alinyamaza, akaenda kukaa nje. Jioni aliniita. Akaniambia kwamba babu yake mzaa baba aliletwa pwani akiwa mtoto mdogo, na Mapadre wa Roho Mtakatifu, wale waliofungua misheni Bagamoyo mwaka 1868, wakamkomboa na kumlea katika kijiji chao cha watumwa waliokombolewa. Hakujua kwao ni wapi. Hakukumbuka mama yake alimwitaje. Akabatizwa jina la mtakatifu wa Ulaya, na jina hilo ndilo jina la ukoo wetu mpaka leo. (Silitaji, maana Bagamoyo wanajuana.)

Kisha akaniuliza: "Mwanangu, Bakhita ni jina alilopewa na nani?"

Nilijua jibu, na yeye alijua kwamba najua. Bakhita ni Kiarabu, "mwenye bahati", neno lilelile la bahati yetu. Alipewa na waliomteka kwao Darfur, na hofu ya siku ile ikamsahaulisha jina lake la kuzaliwa, asilikumbuke tena maisha yake yote. Aliuzwa mara tano. Makovu 144 mwilini. Jina la kwanza halimo kitabuni popote.

"Basi," akasema, "hao wezi wa watoto ndio wamwite mjukuu wangu?"

Hapo nikafanya kosa. Nikataka kumtuliza, nikamwambia Bakhita mwenyewe alisamehe, alisema akikutana na wale waliomteka atapiga magoti na kubusu mikono yao, kwa kuwa bila wao asingekuwa Mkristo. Baba alinitazama kwa muda mrefu. Akasema, "Yeye ana haki ya kusema hivyo. Wewe huna." Sijapata la kumjibu hadi leo, na nadhani amesema kweli.

Si kwamba anataka jina lake lishinde. Alichoniomba kimeniliza. Alisema, "Ninyi Wahaya majina yenu hayakupotea. Mpeni mtoto jina la kwenu." Nikampigia simu baba yangu Bukoba. Bibi yangu aliitwa Kemilembe, jina la amani, na ningefurahi sana. Baba yangu akakataa katakata: mtoto ni wa ukoo wa baba yake, ukoo huo ndio unaotoa jina, yeye hawezi kuvuka mpaka. Kwa hiyo wa huku anasema jina litoke kule, wa kule anasema jina litoke huku. Mume wangu anasema, "Amua wewe," kisha anatoka kwenda kuangalia mpira.

Kuna bibi mmoja wa jumuiya amenipa wazo. Bakhita alipobatizwa, tarehe 9 Januari 1890, aliitwa Yosefina Margareta Fortunata, na Fortunata ni Kilatini cha Bakhita. Wakati huo alikuwa mtu huru, maana mahakama ya Venice ilishasema hivyo Novemba 1889. Bibi anasema nimwite mtoto Fortunata: maana ni ileile, somo ni yuleyule, ila jina limetoka kwenye maji ya ubatizo, halikutoka kwa wauza watu. Nimelipenda. Lakini nikilala najiuliza kama nimetimiza ahadi au nimeikwepa. Na mwenyewe hakulitupa jina la Bakhita, alikufa nalo na Kanisa likamtangaza nalo mwaka 2000. Huenda amelitakasa. Sijui kama kutakaswa huko kunamfikia mzee ambaye babu yake alikufa bila jina.

Shangazi, na ninyi wasomaji, hasa wazazi Wakatoliki na wale wenye asili ya vijiji vya misheni pwani, naomba mnisaidie kwa haya. Ahadi niliyoitoa peke yangu inamfunga mtoto na ukoo mzima? Fortunata inatosha mbele ya somo? Na nimwombeje baba yangu amruhusu binti yetu aitwe Kemilembe bila kuonekana nimevunja mila mbele ya wazee wa Bukoba?

Baba mkwe amesema atakuja kwenye ubatizo kwa vyovyote vile. Nataka jina litakalotamkwa siku ile na yeye aweze kulitamka.

Mama wa mtoto wa tarehe 8 Februari,
Dar es Salaam