Salamu za Pasaka kwa aliyebaki Jumamosi Kuu

Tumsifu Yesu Kristo! Bwana Yesu asifiwe! Wapendwa, kila mmoja aitikie kwa desturi ya kanisa lake, maana furaha ni moja: Kristo amefufuka, amefufuka kweli kweli. Heri ya Pasaka kwa baba na mama, kwa bibi na babu huko kijijini, kwa vijana wanaohangaikia riziki mijini, na kwa watoto waliohesabu siku wakisubiri kuvaa nguo mpya. Tunamkumbuka kwa namna ya pekee ndugu ambaye mwaka huu Aleluya haimtoki. Pengine amezika. Pengine ameachishwa kazi, au majibu ya hospitali yamemvunja nguvu. Salamu hizi ni zake kwanza.

Kwa hesabu ya Kanisa letu, Pasaka huangukia Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia tarehe 21 Machi, kwa hiyo haitangulii 22 Machi wala haivuki 25 Aprili. Wakulima wetu wengi wanajua maana ya majuma hayo: mahindi ya mwaka jana yanakaribia kwisha ghalani, ya mwaka huu bado yako shambani, na bei ya debe inapanda. Sikukuu yetu kubwa kuliko zote inawakuta watu wengi mfukoni hamna kitu. Basi asione haya aliyeshindwa kununua nyama.

Tunaomba mwaka huu tuitazame vizuri siku moja ambayo wengi huiruka, yaani Jumamosi Kuu, siku Yesu alipolala kaburini. Mchana wa siku hiyo Wakatoliki hawaadhimishi Misa. Altare imevuliwa vitambaa na tabernakulo, kisanduku cha kutunzia Ekaristi, iko wazi. Injili nazo zinasema machache mno. Mathayo anataja walinzi na muhuri uliotiwa kwenye jiwe. Luka anasema wanawake walitayarisha manukato na marhamu, kisha sabato wakapumzika kama ilivyoamriwa. Yohana anaeleza kuwa Nikodemo, aliyesaidia kumzika Yesu, alileta manemane na uudi yapata ratli 100, yaani zaidi ya kilo 30 kwa vipimo vyetu. Huo ni mzigo wa maziko ya mfalme, na hakuna anayebeba mzigo kama huo kwa mtu anayemtarajia arudi baada ya siku tatu. Nikodemo na wanawake hao walikuwa wamekata tamaa. Hata hivyo walimtendea Yesu lile lililobaki kutendwa, na alfajiri ya Jumapili wanawake walikuwa njiani, huku wakiulizana ni nani atakayewavingirishia jiwe. Waliondoka nyumbani bila jibu la swali hilo.

Tunalisisitiza hili kwa sababu kosa tunaloliona mara nyingi ni kudhani kwamba tumaini ni moyo kuchangamka. Mtu akiamka na uzito kifuani anajiambia imani yake imekufa, anaacha kusali, anaacha jumuiya, mwisho anajifungia ndani. Ndugu, kama leo huwezi kufurahi, fanya lile linalowezekana: oga, kula hata kidogo, meza dawa zako, fika ibadani ukae benchi la nyuma. Wengine wataimba kwa ajili yako.

Na kama maneno ya sala hayaji, Biblia imekuwekea tayari. Chukua Zaburi ya 13, ina aya 6 tu. Aya mbili za kwanza ni malalamiko, na neno "hata lini" limerudiwa mara nne. Mbili zinazofuata ni ombi. Mbili za mwisho ni kumtumaini Mungu. Isome kwa sauti asubuhi na jioni, na penye malalamiko utaje jambo lako kwa jina lake: deni, mtoto, ndoa, ugonjwa. Usikimbilie aya ya 5 kabla hujamaliza za mwanzo. Sala inayoruka kilio huisha midomoni. Siku ambayo hata hiyo ni nzito, fungua Zaburi ya 88, ambayo inamalizikia gizani. Nayo ni Neno la Mungu, na aliyeitunga bado alikuwa akimwita Bwana.

Kwa tunaofariji, tuna la kujifunza kwa rafiki za Ayubu. Walikaa naye chini siku saba, usiku na mchana, bila neno, na hapo walifanya vema. Waliharibu walipoanza kueleza sababu. "Usilie, ni mpango wa Mungu," akiambiwa mama aliyefiwa jana, ni jiwe juu ya jiwe. Yesu mwenyewe alilia penye kaburi la Lazaro, ilhali alijua atakalolitenda. Na wale wanafunzi wawili aliokutana nao baada ya kufufuka, wakiwa njiani kwenda Emau, mwendo wa kilomita 11 hivi, hakuanza kwa kuwafundisha. Aliwauliza, akawaacha waeleze yote mpaka pale waliposema kwamba walikuwa wametumaini. Ndipo akafungua Maandiko.

Mkienda kumwona mtu, nendeni wawili au watatu, mkae kama nusu saa. Bebeni sukari, unga, mkate, sabuni, vitu ambavyo havimlazimu mwenyeji kuwasha jiko kwa ajili yenu. Mtajeni marehemu kwa jina. Acheni lile neno "ukihitaji chochote tuambie", kwa sababu aliyelemewa hajui aombe nini. Semeni "Jumanne saa mbili nakuja tukaenda kliniki" na mfike. Wakati mgumu zaidi huja matanga yakishaanuliwa na wageni kutawanyika. Mwezi wa pili na wa tatu, nyumba ile haigongwi hodi.

Tuseme wazi pia kuhusu tumaini la uongo. Anayekuahidi muujiza kwa masharti ya sadaka ya kiwango fulani anakuuzia kitu ambacho Kristo alikitoa bure. Usiuze kiwanja. Usiache ARV, insulini wala dawa za presha kwa sababu umeombewa. Dawa za kifua kikuu kwa kawaida humezwa miezi 6, na anayeziacha mwezi wa pili kwa kuwa amepata nafuu hujitafutia ugonjwa sugu. Omba, na umeze. Na mtu akikwambia amechoka kuishi, usimkemee wala usimpe mstari wa Biblia ukaondoka. Kaa naye, ondoa sumu ya panya na dawa za shambani mahali alipo, mwite ndugu anayemwamini, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.

Katika Mkesha wa Pasaka yapo masomo 7 ya Agano la Kale. Parokia inaweza kuyapunguza, lakini lile la Kutoka sura ya 14 haliachwi kamwe. Waisraeli mbele wana bahari, nyuma wana magari ya Farao, na wanamlaumu Musa wakimuuliza kama makaburi yalikuwa yamekwisha Misri hata akawaleta wafie jangwani. Watu wenye hofu namna hiyo ndio waliovushwa. Musa aliwaambia wasiogope, lakini maji hayakusubiri mioyo yao itulie ndipo yagawanyike.

Msimu wa Pasaka ni siku 50, hadi Pentekoste. Tunaziomba jumuiya zote zigawane nyumba za kutembelea katika siku hizo, nyumba moja au mbili kila juma, na mtu mmoja ashike orodha ili isiishie kwenye maneno. Orodha hiyo ianze kesho, Jumatatu ya Pasaka, baada ya ibada, na jina la kwanza liwe la yule ambaye leo hakuonekana kanisani.